Jiwe la Ndui

Mama aliliita jiwe la ndui,
kwa ajili ya vishimo usoni mwake,
na kwa ajili ya dada yake mkubwa, Bhiyaga,
aliyezikwa na uso wa namna ile
kabla mimi sijazaliwa.
Tuliliponda nyuma ya Kasulu
miaka kumi na minne, debe kwa debe,
wala hatukuliuliza lilikotoka.
Jiwe ni jiwe. Bei ni ya debe.

Leo nimerudi na viatu vya kamba,
karani wa mradi wa barabara,
nimemleta mjiolojia, Yoranda Ntahondi,
mwenye nyundo ndogo kuliko ya mama.
"Mwakeye," akasema, kwa lafudhi ya Manyovu,
wanawake wakamtandikia gunia akae.
Hakukaa.
Alipiga magoti mbele ya mwamba
kama mtu anayetafuta pete chini ya kitanda,
akaulamba.
Wakacheka. Hata mimi nilicheka.
"Likilowa husema," akajibu.

Na kweli, palipolowa palikuwa peusi kama chungu cha maharage,
na vishimo, kumbe, vingi havikuwa vitupu:
kimoja kina punje nyeupe,
kingine kijani cha kisamvu,
kingine kimejikunja tabaka juu ya tabaka
kama kitunguu cha sisimizi.

"Mmeuona uji wa ulezi ukitokota?
Povu linapanda, linatafuta mlango.
Sasa uji ule upoe kabla halijatoka.
Limenaswa. Tundu ndilo hilo.
Kisha maji yakaja, tone, tone,
kila tone na chembe yake ya madini,
yakaweka humo, yakaenda zake,
yakarudi."

Akataja umri: miaka milioni mia nane, au karibu na hapo.
Mimi tarakimu ndizo kazi yangu,
lakini kalamu ilisimama hewani
haijui sifuri ziishie wapi.
Ziwa lile tunaloliona zee,
tunaloapa kwalo,
lilikuwa halijapata hata kitanda;
ardhi haijapasuka kulilaza.
Hapakuwa na jani. Hapakuwa na dagaa.
Hapakuwa na jicho la kuogopa.
Moto ulitoka, ukatambaa, ukanguruma,
na hakuna aliyepiga yowe.

"Na mlima wenyewe?" nikauliza,
maana volkano naijua ya kwenye kalenda,
ina kilele, ina moshi.
Yoranda akainua nyundo
akaonyesha mahali mwewe alipokuwa akizunguka.
"Pale, labda. Au kule, juu ya mihogo.
Au haukuwa mlima, ulikuwa ufa tu, mrefu.
Mvua imekula kila kitu.
Yamebaki matapishi yake, ndiyo haya tumeyakanyaga."

Nikatazama pale.
Hewa.
Mwewe akapita katikati ya mlima
bila kuinamisha bawa.

Mama hakuwa ameacha kuponda.
"Basi ndiyo maana haliponduki upesi,"
akasema, akatemea kiganja, akashika mpini.
Pigo moja. Mawili.
Kisha, bila kuinua uso:
"Hayo matundu. Huchukua muda gani kujaa?"
"Mrefu sana, mama."
"Lakini hujaa."
"Mengine hujaa," alisema Yoranda, na nilimpenda
kwa sababu hakusema yote.

Aliondoka na sampuli sita kwenye vifuko,
kila moja ina namba na tarehe,
tarehe ya leo, juu ya jiwe lile!
Vumbi la gari likatulia kwenye migomba.

Jioni nikapita na kitabu kuhesabu madebe.
La mama halikufika ukingoni.
Lilipungua kama ngumi moja,
na fundo la khanga yake, pale anapofungaga hela,
lilining'inia zito, limelowa kidogo.
Sikuuliza.
Nikaandika: limejaa.